Mbung'o Saba wa Kisiwa cha Mikuyu

Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliwekewa karatasi mezani nikaulizwa kama nina uhakika. Nilipaswa kujibu, "Hapana, bwana. Tupime tena." Maneno manne tu. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, hivyo maneno manne hayakuwa mzigo kwangu. Ningeweza kuyasema hata kwa Kiingereza. Badala yake nilisema "Ndiyo," nikatia sahihi yenye mkia mrefu, ile niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mwezi mzima nyuma ya daftari.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kalangalala, Geita mjini, hupenda kuniuliza habari za kazi yangu ya zamani. Nikitaja mbung'o mnacheka. Nikieleza jinsi tulivyotembea na kitambaa porini mnacheka zaidi, halafu simu ya mmoja inalia, mnaaga, na mimi sijafika hata karibu na ile karatasi. Safari hii nimeandika. Aliye na haraka na aende, lakini ajue kwamba haraka ndiyo iliyoniponza mimi.

Kwanza mjue mbung'o. Najua mnasema ni nzi mkubwa. Nzi akitua huacha mabawa yake yamepanuka, kama mtu aliyelala hovyo kitandani. Mbung'o huyapanga moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Nzi ukimpiga kofi anakufa. Mbung'o ukimpiga kofi anaondoka, anazunguka, anarudi kukuuma palepale ili ujue kwamba hajachukia. Dawa yake ni kumbana kwa kidole na kumviringisha mpaka usikie kitu kimepasuka. Anapenda kitu cheusi, na anapenda zaidi kitu cheusi kinachotembea. Ndiyo maana nawacheka mnapovaa fulana nyeusi mkienda kutembelea mapori. Mnamwalika mezani.

Ugonjwa wake wa ng'ombe ulimaliza mazizi, na ule wa watu uliwalaza watu usingizi wasiamke. Kwa hiyo serikali iliajiri vijana wa kumtafuta, na mimi Masele, mtoto wa Tinde, nilikuwa mmojawao. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kizuizi barabarani upande wa Shinyanga. Kila baiskeli iliyotoka porini ilisimama kwangu. Nilimwambia mwenye baiskeli, "Geuka," nikamkagua mgongo kwa wavu mdogo wa mkono, kwa sababu mbung'o hupanda mgongoni mwa mtu kama abiria, akashuka kijiji cha mbele. Nilikagua migongo ya makatekista na ya wachuuzi wa samaki. Nilikagua hata mgongo wa mtemi mdogo mmoja, ambaye alinitazama kana kwamba nilikuwa namfua nguo akiwa amezivaa. Mwaka mzima nilifanya hivyo. Likumbukeni hili, maana mbele nitawaambia jambo la aibu, na sitaki mnitetee kwa kusema sikujua.

Baadaye walinihamishia Uzinza, kwenye pwani ya ziwa upande wa Geita, tukiwa wanne. Wawili walibeba kitambaa cheusi kikubwa kati ya fito mbili, wawili walifuata na nyavu. Tulitembea njia iliyopimwa, tukasimama kila baada ya hatua mia mbili, tukangoja. Mbung'o akiona kitambaa anadhani ni nyati amechelewa nyumbani. Anatua, tunamnasa, tunamtia kwenye kichupa, tunaandika: kituo cha kwanza wangapi, kituo cha pili wangapi, mpaka mwisho. Kuandika ilikuwa kazi yangu, kwa sababu ya ile sekondari.

Mbeba fito wa mbele alikuwa Kulwa, naye mtu wa kwetu, mrefu, asiyejua kunyamaza. Siku ya kwanza mkubwa wetu alipokuja kutukagua, mbung'o alimtua shingoni. Kulwa, kwa bidii ya kazi, alimzaba bwana yule kofi la shingo lililosikika mpaka ziwani.

"Nimemkosa, bwana," akasema kwa adabu. "Nirudie?"

Mkubwa yule tulimwita Bwana Mbung'o, nyuma yake na baadaye hata mbele yake. Alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye haki kwa jinsi ya wakati ule, na alijua Kiswahili cha kitabuni. Hakumfukuza Kulwa. Alisema tu, "Mara nyingine tumia wavu."

Sasa nije kwenye kisiwa.

Mbele ya kambi yetu, mwendo wa nusu saa kwa kasia, palikuwa na kisiwa kidogo. Ungeweza kukizunguka kwa miguu kabla ugali haujapoa. Sitataja jina lake la Kizinza. Nitakiita Kisiwa cha Mikuyu, kwa sababu kilijaa mikuyu mikubwa yenye mizizi inayoning'inia, na katikati yake mikindu, na ukingoni matete na mafunjo. Juu ya mikuyu hiyo walizaliana ndege, na msinitake hesabu: yangeyange weupe, minandi weusi waliokausha mabawa kama nguo kwenye kamba, korongo, na furukombe wawili waliokaa juu kabisa wakilalamika kama wenye nyumba. Miti ilikuwa imechorwa nyeupe kwa mavi yao. Harufu yake ilikufikia kabla ya mtumbwi kugusa mchanga.

Pale hapakukatwa tawi bichi tangu enzi za mababu wa Wazinza wa pwani ile. Mlinzi wake alikuwa Mzee Lukanga, Mzinza mfupi mwenye mikono ya mpiga kasia na meno machache yaliyokaa mbalimbali. Aliishi pwani, karibu na kambi yetu. Hakuwa na bunduki wala kofia ya serikali, lakini nimeona wavuvi wakubwa wakimwomba ruhusa ya kuokota ukuni mkavu.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye karani unayeandika nzi?"

"Mbung'o, Mzee."

"Na ukishawaandika, wanafurahi?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Karani. Nilipopanda mtumbwi wake mara ya kwanza nikashika kingo zote mbili kwa mikono miwili, alicheka mpaka kasia likamponyoka. "Ninyi wa Tinde mnaogelea kwenye vumbi," alisema. "Hapa ni maji, Karani. Yanalowesha." Alinitania kuhusu viatu vyangu, kuhusu ninavyokula samaki nikitafuta miiba kwa kidole, kuhusu kitambaa cheusi tulichobeba "kama msiba usio na marehemu". Mimi nilikuwa mbali na kwetu, na baba yangu alikuwa mtu asiyecheka. Sikuwahi kumwambia Mzee Lukanga jinsi nilivyopenda kuchekwa naye. Mambo haya hayasemwi, na wakati mwingine ni kosa kutoyasema.

Alikuwa na desturi moja. Pale pwani palikuwa na jiwe bapa, na kabla ya kwenda kisiwani kila mtu alisimama juu yake akakung'uta. Ulivua shati ukalipiga kwa tawi. Ulifungua kila mzigo, ukakunjua kila kilichokunjwa, ukakipiga. Kisha mtumbwi ukifika katikati ya maji, Mzee aliuzungusha mara moja na tukakaa kimya kidogo, halafu tukaendelea. Nilimuuliza sababu.

"Babu alisema kisiwa hakipendi wageni wasiotajwa."

"Wageni gani?"

"Ningewajua wangekuwa wametajwa."

Nilimwona mshamba. Nililitii jiwe kwa kuwa mtumbwi ulikuwa wake, lakini nilikung'uta kama mtoto anayenawa uso asubuhi ya baridi, maji kwenye ncha ya pua tu. Yeye aliniona, akasema, "Karani, shati lako linakushukuru kwa huruma yako."

Kulikuwa na kundi jingine la ndege pale ambalo halikukaa mitini. Lilikuja wakati mvua za vuli zinakaribia: kitwitwi wadogo wa kijivu, waliokimbia ukingoni mwa maji kama watu waliosahau kitu, wakirudi, wakikimbia tena. Walikaa miezi kadhaa na kuondoka masika, wengine vifua vikiwa vimeanza kuwa vyekundu kama udongo wa kichuguu. Siku moja Mzee alimkuta mmoja amekufa kwenye mtego wa samaki, na mguuni ana pete ya bati.

"Ndege huyu ameoa," akaniambia kwa uzito.

Kwenye pete palikuwa na namba na jina la mji wa Ulaya. Nilimwonyesha Bwana Mbung'o, akafurahi kama mtoto, akanisaidia kuandika barua. Tulisahau. Miezi mingi ikapita, mvua zikaja na kwisha, ndipo bahasha ikafika ikiwa na barua fupi ya shukrani na kijitabu chenye picha. Ndege yule alikuwa amevalishwa pete akiwa kinda, kwenye kisiwa kidogo huko juu kabisa ya dunia, kwenye barafu. Ameruka kutoka kule mpaka kwenye mtego wa Mzee Lukanga.

Nilikaa naye juu ya jiwe lile bapa nikamsomea kijitabu, Kiingereza nikikigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomshinda tukatumia mikono. Nilimwambia kwamba kule wakati wa joto jua halizami miezi kadhaa, na wakati wa baridi halichomozi.

"Basi wanakula chakula cha jioni lini?"

Nikamwambia kwamba hakuna mti hata mmoja. Mti mkubwa kuliko yote unatambaa chini kama mboga, ukisimama kando yake unakufika kwenye kifundo cha mguu. Juu ya mawe kuna madoa ya rangi, ya manjano na kijivu, ambayo ni mimea, na yanakua polepole kiasi kwamba doa la ukubwa wa kiganja limemzidi umri babu wa babu yako. Kuna maua yanayochanua, kuzaa na kufa katika wiki chache, kwa sababu yakichelewa theluji inayakuta. Kuna bata anayejinyonyoa manyoya ya kifua chake ili kuwatandikia watoto. Kuna mbweha anayevaa nyeupe wakati wa theluji na kahawia ikiyeyuka. Kuna dubu mweupe, mkubwa kama fahali, anayeweza kufika akiwa amepanda bonge la barafu.

"Anapanda barafu kama mtumbwi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Huyo angekuwa mkwe mzuri. Na kitwitwi wangu anazalia wapi, kama hakuna mti?"

"Chini, Mzee. Kwenye majani mafupi."

Alitazama kisiwa chake. Kisha nikasoma ukurasa wa mwisho, wa sheria. Kisiwa kile kinalindwa. Hakuna kuchuma hata ua. Anayeshuka haruhusiwi kuleta mbwa wala mbegu, wala majani makavu ya kufungashia mizigo, na mizigo yote hufunguliwa na kukung'utwa kabla ya kutoka melini, ili kitu cha bara kisiingie.

Mzee Lukanga alisimama juu ya jiwe. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Wanakung'uta!" Alipiga kelele, wavuvi wakageuka. "Karani, Wazungu wa barafu wanakung'uta! Wamempata wapi babu yangu? Na wewe wa Tinde unakuja hapa unapapasa shati!"

Alilitangaza jambo lile kwa wiki mbili. Alimwambia kila aliyepita. Ninyi mngedhani baada ya hapo nilijifunza.

Msimu uliofuata likaja agizo la kusafisha pwani. Kusafisha, kwa lugha ya kazi yetu, maana yake ni kukata miti, kwa sababu mbung'o hupumzika kwenye kivuli. Popote alipopatikana, kivuli kilikwenda. Bwana Mbung'o alitaka ripoti ya kila kipande, na kisiwa kikiwemo. Kama mbung'o hayupo, kisiwa kitaachwa. Kama yupo, kitakatwa chote. Pia alisema, akinitazama mimi, kwamba anahitaji msimamizi mmoja wa kwenda makao makuu Shinyanga, mtu mwenye elimu, atakayekuwa na meza yake na watu wa kuwatuma, na kwamba atamchagua kwa ripoti zake. Ripoti ya pwani nilikuwa nimeimaliza. Ilibaki ya kisiwa, na aliitaka asubuhi inayofuata.

Mzee Lukanga alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Tuliazima mtumbwi wa mvuvi mwingine. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka, na kitambaa chetu cheusi tulikuwa tumetoka kukitembeza kwenye njia ya bara yenye mbung'o wengi, tukakikunja vilevile chenye joto, tukakitupa ndani ya mtumbwi.

Kulwa alisimama kando ya jiwe. "Hatukung'uti?"

"Kulwa," nikamwambia, "sisi ni watu wa sayansi."

Nilisema hivyo. Mimi, niliyekagua migongo ya watu mwaka mzima barabarani.

Tulishuka kisiwani, tukakunjua kitambaa, tukatembea. Kituo cha kwanza, hatua chache kutoka mtumbwini, tulinasa mbung'o sita. Kituo cha pili mmoja. Cha tatu hakuna, cha nne hakuna, na mpaka tulipomaliza kukizunguka kisiwa chote hatukuona mwingine. Kulwa alikiinua kichupa juani akawatazama.

"Masele, hawa tumekuja nao. Huyu wa kushoto namfahamu kabisa, aliniuma asubuhi kule bara."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia. Lakini nilijua, tangu pale, kwamba Kulwa hakutania. Mbung'o mwenyeji hasubiri mlangoni. Unamkuta kila mahali penye kivuli. Hawa walikuwa abiria, walioshuka kituo cha kwanza.

Mzee alirudi kutoka msibani jua likiwa bado juu, akaja moja kwa moja kambini. Hakungoja nimalize kumwamkia.

"Nimesikia mmekwenda kisiwani. Mlikung'uta?"

"Upepo, Mzee. Ulikuwa..."

"Upepo ulizuia mikono?"

Nikamwambia tulichonasa, na wapi.

Alitikisa kichwa, na hata wakati ule alinitania. "Basi umekipelekea kisiwa zawadi, Karani. Kesho mwambie mkubwa wako ulisahau kukung'uta, mkarudie. Nitawapeleka mimi mwenyewe. Nitakukung'uta wewe kwa miguu ukining'inia."

"Nitamwambia, Mzee."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Niliandika ripoti jioni ileile. Fomu ilikuwa na nafasi ya kila kituo na, chini, nafasi ya jumla. Kama ningejaza kituo kwa kituo, yaani sita, mmoja, sifuri, sifuri, sifuri, mtu yeyote wa kazi ile angetambua mara moja, na kwanza kabisa Bwana Mbung'o. Angeuliza kwa nini hatukukagua mtumbwi, na msimamizi mtarajiwa angeonekana mtu asiyejua kazi aliyoifanya mwaka mzima barabarani. Kwa hiyo nilipitisha mstari kwenye nafasi za vituo na kuandika chini: mbung'o saba. Kumbukeni, vijana, sikuandika uongo hata herufi moja. Saba walikuwa saba. Mtu anaweza kufanya ubaya mkubwa kwa kujumlisha vizuri.

Asubuhi Bwana Mbung'o aliisoma akiwa amesimama. Alikunja uso kidogo.

"Masele, hukuandika vituo."

"Vilikuwa karibu karibu, bwana. Kisiwa ni kidogo."

"Una uhakika? Kisiwa hiki ni cha wenyeji, wanakiheshimu, na mimi nawapenda wale ndege. Ukitaka, tunaweza kupima tena wiki ijayo. Sina haraka na hiki."

Basi mnaona. Hakunilazimisha mtu. Mlango ulifunguliwa wazi mbele yangu, na mwenye mlango akaushika ili nisijigonge. Kulwa alikuwa nje akikunja turubai. Aliacha kukunja, akanitazama kupitia uwazi wa hema.

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Nina uhakika." Nikatia sahihi.

Wakataji walifika na mapanga na mashoka, wengi kuliko kisiwa kilivyoweza kuwabeba kwa wakati mmoja, wakaingia kwa zamu. Ulikuwa wakati wa makinda. Sitaeleza sana. Mkuyu ulioanguka ulianguka na viota vyake vyote, na korongo na yangeyange walizunguka juu siku tatu bila kutua, kwa sababu hapakuwa na pa kutua. Furukombe walikaa siku nzima ya kwanza kwenye mti wa mwisho, wakaondoka ulipofikiwa. Mzee Lukanga hakuja kugombana. Alikaa juu ya jiwe lake bapa akitazama, mpaka moto wa matawi ulipozimika.

Nilimfuata siku hiyo, kabla ya kupanda lori la Shinyanga. Barua ya cheo ilikuwa mfukoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Kile kisiwa cha barafu. Ulisema hakina mti?"

"Hakina, Mzee."

"Na wanakilinda."

"Ndiyo."

"Wao walipewa kisiwa kisicho na kitu, wakalinda hata madoa ya mawe." Akapangusa majivu yaliyotua gotini. "Ulisema utamwambia."

Nilianza kueleza. Nilikuwa na maelezo mengi, nilikuwa nimeyapanga usiku mzima. Aliinua mkono, bila hasira, kama mtu anayemzuia mgeni asijisumbue kuinuka.

"Safari njema, bwana," akasema.

Hakusema Karani. Alisema bwana, kama alivyomwambia mkubwa yeyote wa serikali aliyepita pale.

Meza niliipata, na watu wa kuwatuma. Nilisimamia wakataji miaka mingi, na nilijulikana kwa ukali wangu katika jambo moja: hakuna kijana wa kwangu aliyeingia mahali na kitambaa bila kukikunjua na kukipiga kwanza, na hakuna fomu niliyoipokea bila vituo kujazwa. Walinicheka kisirisiri na kuniita Bwana Kung'uta. Walidhani ni wazimu wa ukubwani. Jina lile lilinichoma kuliko walivyojua, maana lilistahili kuwa la mtu mwingine.

Miaka ikapita, wakapeleka kikosi kingine kupima pwani ile. Waliokwenda walikuwa vijana wangu, walikung'uta kama nilivyowafundisha. Kwenye kisiwa hawakupata mbung'o hata mmoja. Palikuwa na majani marefu tu na visiki. Niliipokea ripoti yao mezani kwangu, ina vituo vyote, sifuri kila mahali, nikatia sahihi.

Watu wa kule kwenye barafu walikuwa wameniomba, mwishoni mwa barua yao, niwaandikie kila mwaka kama kitwitwi wamefika. Kitwitwi waliendelea kuja, hawakuhitaji miti. Walikimbia ukingoni, wakasahau kitu, wakarudi. Sikuandika hata mara moja. Katika barua kama ile ningelazimika kueleza wamefika mahali gani.

Nilirudi pwani ile mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta Mzee Lukanga anashona wavu. Nilivaa viatu vipya, virefu, vyeupe, vya kipumbavu kabisa, nilivyovinunua makusudi, nikijua kwamba mtu yule hawezi kuvitazama akanyamaza. Alivitazama.

"Karibu, bwana," akasema. "Kaa kitini."

Akaniagizia kiti, na akanipa samaki, na hakucheka nilipotafuta miiba kwa kidole. Mara ya pili nilikuta kaburi.

Mkiniuliza sasa, nitawajibu bila kuzunguka. Sahihi ile ilinipa meza ya Shinyanga, na pensheni ninayoila mpaka leo. Ilikigharimu kisiwa mikuyu yake, na mikuyu ile haikuota tena. Mimi ilinigharimu mtu mmoja tu aliyenipenda kiasi cha kunicheka usoni. Aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na katika miaka tisa yote hakunitania tena.